Dozi Mbili za Jina Moja

Kama umewahi kuita jina moja ofisini na watu wawili wakainuka, basi wewe kijana tayari unayo nusu ya somo ninalotaka kukupa.

Ofisi yetu ilikuwa Homa Bay, kwenye barabara inayoteremka kuelekea ziwani. Ilikuwa miaka ya tisini, na mradi wetu ulikuwa wa kutibu ng'ombe wa bonde la Lambwe, kule ambako mbung'o huwauma wanyama na kuwaambukiza nagana mpaka wakonde na kufa. Mimi ni Akinyi, na kazi yangu ilikuwa kompyuta. Mama aliyetupikia chai naye alikuwa Akinyi. Mtu akisema, "Akinyi, karatasi imekwama kwenye printa," niliinuka mimi. Akisema, "Akinyi, sukari imeisha," aliinuka yeye. Hakuna aliyetaja ni Akinyi yupi. Kilichofuata baada ya jina ndicho kilichoamua. Kisha siku moja meneja alichungulia mlangoni akasema, "Akinyi, njoo." Tukaingia sote wawili, tukasimama mbele ya meza yake, naye akatutazama mpaka akasahau alichokuwa anataka.

Mwita, mwalimu wangu, alicheka kule kwenye kona yake hadi akavua miwani. Akaniita, akaniambia kwamba ndivyo inavyofanya kazi kompaila, ile programu inayosoma ulichoandika na kukigeuza kuwa lugha ya mashine. Unaipa methodi mbili, yaani vipande viwili vya kazi ndani ya programu, vyenye jina moja. Ukiliita lile jina, kompaila inaangalia ulichoweka kwenye mabano. Inakusanya methodi zote za jina hilo, inazitupa zile ambazo haziwezi kupokea ulichotoa, na katika zilizobaki inachagua inayofaa zaidi. Kama iko moja inayofaa kabisa, hiyo ndiyo inaitwa. Kama ziko mbili zinazofaa sawasawa, inakataa, inakurudishia kosa, inakuambia haijui unamtaka Akinyi gani.

"Ikikataa usikasirike," Mwita alisema. "Kompaila inayouliza ni rafiki yako. Uogope ile ambayo haiulizi."

Wakati huo sikuelewa. Niliona ni maneno ya watu wazima.

Mwita alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, mrefu, mpole, Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka alifunika kompyuta yake kwa kitambaa alichoshonewa na mkewe, na usingeweza kumrudisha kwenye kiti hata kwa amri ya meneja. Nilikutana naye kwanza Migori, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mbolea, ambako alifundisha jioni wale waliomaliza shule na hawakuwa na karo ya kwenda mbali. Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo tulikaa wawili wawili kwenye kibodi moja. Yeye hakupenda kugusa kibodi cha mwanafunzi. Alisimama nyuma yako, akikuona unaandika upuuzi alisema tu, "Ehe," akaendelea kusimama. Ile "ehe" yake imenifundisha kuliko vitabu. Mpaka leo nikiandika mstari mbaya naisikia nyuma ya bega.

Baadaye na mimi nilifundisha Migori, mwishoni mwa ile miaka, wakati lugha mpya ya mtandao ilipoingia na kila kijana akaitaka. Niliwapa wanafunzi zoezi la ng'ombe, maana ng'ombe ndio niliowajua. Methodi moja ya kutibu ilipokea Ng'ombe, nyingine ya jina hilohilo ilipokea Ndama, na Ndama ni aina ya Ng'ombe. Msichana mmoja, Robi, mbishi kweli kweli, alitengeneza Ndama, akamweka kwenye kibadilika, yaani kisanduku chenye jina ndani ya programu, alichokitangaza kuwa cha Ng'ombe, akaita tibu. Programu ikamtibu kama ng'ombe mkubwa. Robi akasema mashine ni mjinga, yeye amemuumba ndama kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia kompaila haimwangalii mnyama. Wakati inachagua, mnyama hajazaliwa bado. Programu haijaanza hata kukimbia, yaani kutenda kazi. Inasoma aina uliyoiandika, kama alama kwenye kamba ya mnyama. Ukiandika Ng'ombe, yeye ni Ng'ombe.

"Kwa hivyo nimtoe wapi huo undama wake?" akauliza.

Nikamwonyesha kwamba ile kazi ya kutibu ikikaa ndani ya mnyama mwenyewe, kila mmoja na namna yake, uamuzi unangoja mpaka programu ikimbie, na hapo anayetazamwa ni mnyama halisi. Hayo ni mambo mawili tofauti na wengi wenu mnayachanganya. La kwanza linaamuliwa mapema, kwa aina iliyoandikwa. La pili linaamuliwa baadaye, kwa kitu chenyewe. Robi alikaa na zoezi lile wiki nzima, na siku alipolielewa alininunulia mandazi.

Lakini turudi Lambwe, maana ndiko nilikoelewa maneno ya Mwita.

Dawa ya nagana hutolewa kulingana na uzito. Ukizidisha unamuumiza mnyama, na ukipunguza, vimelea havifi, vinajificha tu, halafu vinarudi. Sasa nani ana mizani ya ng'ombe kule bondeni? Ilikuwepo moja, kwenye kituo cha utafiti, na ng'ombe waliopelekwa pale walipimwa kilo. Wengine wote tuliwapima kwa utepe. Unauzungusha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, unasoma, na kuna hesabu inayogeuza mzunguko wa kifua kuwa uzito. Watu wetu walileta vipimo ofisini, mimi niliviingiza, programu ya Mwita ikatoa kadi ya kila mnyama yenye dozi yake, na siku iliyofuata wasaidizi wa Daktari Oloo, mganga wetu wa mifugo, walikwenda na kadi hizo kwenye kizimba cha kukamatia ng'ombe na kudunga sindano.

Ndani ya programu Mwita alikuwa na methodi mbili, zote zikiitwa Dozi. Moja ilipokea namba nzima, nayo ilikuwa ya kilo kutoka kwenye mizani. Nyingine ilipokea namba yenye nukta ya desimali, nayo ilikuwa ya utepe, kwa sababu utepe wetu ulisomwa kwa mita: moja nukta tano, moja nukta mbili. Ilikuwa safi. Alinionyesha kwa fahari kidogo, kama mtu anavyoonyesha mlango aliouchonga ukafunga bila kelele.

Kisha tepe zile zikachakaa, zikaletwa mpya zilizoandikwa sentimita. Mwita aliingia kwenye programu akarekebisha. Alibadilisha ile hesabu ipokee sentimita, na akaifanya vizuri. Halafu, kwa kuwa sentimita zilisomwa bila nukta, akabadilisha pia mahali ninapoingizia kipimo pakawa pa namba nzima. Kompaila haikulalamika hata neno moja. Tukaendelea na kazi.

Msimu ule maneno yakaanza kutoka bondeni. Ng'ombe waliotibiwa walikuwa wanaanguka tena. Daktari Oloo alikwenda akachukua damu, akaikuta ina vimelea vilevile. Alishuku dawa. Alibishana na waliotuletea, akakagua friji, akabadilisha sindano. Watu wakaanza kusema mradi unadunga maji. Siku ya kizimba iliyofuata walikuja wachache, na waliokuja walisimama mbali na mifugo yao, mikono nyuma.

Mmoja wao alikuwa min Ouma, yaani mama yake Ouma, mjane aliyelima kwa maksai wawili. Mweusi alimwita Rateng', mwekundu alimwita Silwal. Aliwanunua wakiwa wadogo, akawafundisha nira yeye mwenyewe baada ya mumewe kufariki, jambo ambalo majirani waliliona la ajabu kwa mwanamke mpaka walipoona shamba lake limelimwa kabla ya yao. Rateng' alikuwa amelala kando ya kizimba, hawezi kuinuka. Nilimsalimia min Ouma kwa Kijaluo, lakini yeye akamgeukia Daktari na kusema kwa Kiswahili, ili kila mtu wa mradi asikie.

"Dawa yenu inapenda ndama," alisema. "Ndama zangu zote zimepona. Hizi kubwa ndio inakataa."

Daktari alifikiri ni uchungu unaosema. Mimi nilirudi Homa Bay na hayo maneno. Dawa iliyoharibika ingeharibika kwa wote. Maji yangekuwa maji kwa ndama na kwa maksai. Ni kitu gani kinachoweza kukosea kwa mkubwa na kisikosee kwa mdogo?

Nitawapa mbinu niliyotumia, maana bado inafaa hata leo pamoja na zana zenu zote. Usikae unaisoma programu ukijiambia hapa inakwenda hivi, hapa vile. Macho yanasoma ulichokusudia. Weka mstari ndani ya kila methodi, useme jina lake kwenye skrini: mimi ni Dozi ya utepe, mimi ni Dozi ya mizani. Kisha ikimbize, iseme yenyewe imepita wapi. Nilifanya hivyo mchana, siku chache baadaye, Mwita akiwa ametoka kula. Nikaingiza kipimo cha kifua cha Rateng', sentimita mia moja hamsini na kitu. Skrini ikajibu: mimi ni Dozi ya mizani.

Nikaingiza tena, jibu likawa lilelile.

Mnaona kilichotokea? Mwita alibadilisha kipimo kuwa namba nzima. Kompaila ikapita kwenye zile Dozi mbili ikitafuta inayofaa. Ile ya desimali ingeweza kupokea namba nzima kwa kuigeuza kidogo, lakini ile ya namba nzima ilifaa kabisa, bila kugeuza chochote, na inayofaa kabisa ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo ile hesabu nzuri ya sentimita ikabaki pale bila mtu wa kuiita, na sentimita za kifua zikapelekwa kule kwenye kilo. Maksai mwenye kifua kile ana uzito karibu mara mbili ya namba hiyo. Alikuwa akipata nusu ya dawa. Na ndama? Ndama mwenye kifua cha sentimita mia moja na kidogo, uzito wake nao ni kilo mia moja hivi. Kwa ndama namba hizo mbili zinakaribiana, ndiyo maana walipona. Min Ouma alikuwa amesema kitu kilicho sawa kabisa.

Nilikaa pale nikiangalia skrini. Mtu aliyeandika mstari ule ndiye aliyenifundisha kuwasha kompyuta. Nilifikiria kumwachia karatasi mezani nikaondoka, aione peke yake. Lakini aliingia nikiwa bado nimekaa, akasimama nyuma ya kiti changu kama zamani, akasoma.

Hakusema "ehe." Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye kibodi changu, akaomba niingize kipimo tena, aone mwenyewe. Nikaingiza. Alipumua kwa nguvu.

"Kompaila imefanya kazi yake sawasawa," alisema. "Mimi ndiye nimeiambia uongo."

Nikaanza kumwambia kwamba hata mimi sikuona, kwamba mtu yeyote angeweza. Akanigusa bega kuninyamazisha, kwa upole, akainuka kwenda kwa meneja. Nilimfuata.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mradi wa kulinda na wakubwa wa kuwaeleza. Alisikiliza, kisha akasema hakuna haja ya kuwachanganya wakulima na mambo ya kompyuta ambayo hawatayaelewa. Tuseme dawa ilipata joto njiani, tuwatibu upya, na mambo yataisha. Mwita alimjibu bila kupandisha sauti kwamba Daktari Oloo amekuwa akilaumiwa kwa dawa ambayo haina kosa, na kwamba watu wakiamini dawa ni mbovu hawataileta mifugo tena, hata ikipimwa vizuri. Akaomba gari.

Meneja alilitoa, na kesho yake tulikwenda Lambwe watatu: Mwita, mimi na Daktari. Watu waliitwa kwenye kizimba. Mwita aliongea Kiswahili na mimi nikatafsiri kwa Kijaluo, na nawaambieni sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Alichukua utepe, akauzungusha kwenye kifua cha ng'ombe aliyekuwa karibu, akawaonyesha namba. Akasema mashine iliichukua namba hii ya kifua ikafikiri ni kilo, na kwamba yeye ndiye aliyeipanga hivyo kwa bahati mbaya, si dawa wala Daktari wala wasaidizi.

Mzee mmoja akauliza kama mashine haikuona kwamba huyo ni ng'ombe mkubwa.

"Haioni ng'ombe, mzee," Mwita alisema. "Inaona namba tu. Ya kujua ng'ombe ilikuwa kazi yangu."

Kisha min Ouma, ambaye alikuwa amekuja bila mnyama yeyote, akauliza kutoka alipokuwa amekaa. Rateng' alikuwa amekufa siku mbili kabla.

"Kama angepata dawa yote," alisema, "Rateng' angepona?"

Nilitafsiri ingawa Mwita alikuwa ameelewa. Daktari alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema kwamba mambo ya ugonjwa hayana uhakika, jambo ambalo ni kweli. Mwita akamtangulia.

"Nafikiri angepona, Mama."

Min Ouma aliitikia kwa kichwa. Hakulia wala hakumlaumu. Alisema mvua iko karibu na Silwal hawezi kuvuta peke yake, tena naye ni mgonjwa. Akainuka akaenda kwake.

Maksai wote walitibiwa upya juma lile, kwa dozi kamili. Silwal akaanza kula. Lakini hata angepona haraka, maksai mmoja hawezi nira. Mwita alikwenda Rangwe kwa rafiki yake wa kanisani aliyekuwa na jozi nzuri, akaomba kuazimwa. Daktari Oloo akawadunga wale maksai dawa ya kinga kabla ya kuingia kwenye bonde la mbung'o, nami nilihesabu dozi yao kwa mkono, kwenye karatasi, kisha kwa programu, kisha tena kwa mkono.

Halafu ikaja shida ya siku. Mwita hafanyi kazi Jumamosi. Min Ouma ni Mkatoliki, na Jumapili shambani kwake haingii jembe. Ilibidi Mwita arudi kwa meneja kuomba ruhusa ya siku za kazi ili akalime shamba la mjane. Meneja akauliza kama anajua kulima kwa maksai au atakwenda kuwaua na hao pia. Mwita akasema yeye ni mtoto wa Mkuria, amezaliwa nyuma ya jembe. Meneja akatoa ruhusa, na siku ya pili alikuja mwenyewe na suruali yake ya ofisi, akaongoza maksai mbele huku akiteleza kwenye mabonge. Akinyi wa chai alikuja na birika. Sikuwahi kuipenda ofisi yoyote kama nilivyoipenda ile siku ile.

Min Ouma alikuwa mpandaji, akifuata nyuma na mtama kwenye ungo. Wakati fulani alisimama karibu nami akitazama mifereji ambayo Mwita alikuwa ameiacha nyuma yake. Mwita alikuwa na miwani iliyojaa vumbi na shati lililolowa jasho mgongo mzima.

"Huyu mtu yenu anajua kwenda moja kwa moja," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Huku ofisini Mwita alibomoa zile Dozi mbili. Kwanza alizipa majina mawili, DoziKwaKilo na DoziKwaKifua, ili hata mtu aliyechoka asiweze kuzichanganya. Baadaye akafanya vizuri zaidi: akatengeneza aina mbili, Kilo na Sentimita, kila moja na klasi yake, yaani muundo wake wenyewe ndani ya programu, ili ukipeleka sentimita mahali pa kilo kompaila isitafute inayokaribiana bali ikatae kabisa. Nilimuuliza kama basi jina moja kwa kazi mbili ni jambo baya. Akasema hapana, ni jambo zuri likitumika pale ambapo kazi zote mbili ni kazi moja kweli. Kuchapisha namba na kuchapisha jina, zote ni kuchapisha. Kompaila ikichagua yoyote kati ya hizo hutapoteza mnyama. Lakini kilo na kifua si kitu kimoja, na tofauti kati yao ilikuwa kichwani mwake tu. Kompaila haiingii kichwani mwa mtu. Ikiwa kuna jambo unataka ilijue, liandike mahali inapoweza kulisoma. Hilo ndilo ninalowaachia, na mlichukue kama lake, si langu.

Msimu wa matibabu ulipokuja tena hatukujua nani atatokea. Tulifika kizimbani asubuhi, mimi, Mwita na wasaidizi, tukakuta pamekauka na pako kimya. Mwita aliviringisha utepe mkononi, akaufungua, akauviringisha tena. Kisha tukaona mtu anakuja kwenye njia ya ng'ombe, amejifunga leso kiunoni, anamvuta maksai mwekundu aliyenenepa kifua. Nyuma yake, mbali kidogo, vumbi la wengine.

Msaidizi mmoja alinyoosha mkono kupokea kamba. Min Ouma akampita. Alikwenda mpaka aliposimama Mwita, akamwekea kamba ya Silwal mkononi.

"Pima wewe," alisema.

Mwita alipitisha utepe chini ya kifua cha Silwal, akaukaza, akainama kusoma, na akaitaja namba kwa sauti ili kila mtu asikie. Kisha akasema, "Sentimita."